Bushi hufa kwanza

Simama nusu saa kwenye duka lolote la spea pale Gerezani, Kariakoo, uone watu wanavyonunua amu za gari. Muuzaji anaiweka juu ya kaunta. Mteja anaishika katikati, anainyanyua kupima uzito, anaigonga kwa ufunguo asikilize mlio. Iliyo nyepesi inarudi rafuni. Iliyo nzito ndiyo inayoulizwa bei. "Hii chuma, kaka, utamwachia mwanao," anasema muuzaji, na wala hadanganyi. Chuma kile kitadumu. Ila gari la porini halirudi gereji kwa sababu ya chuma. Linarudi kwa sababu ya vipande vya mpira vilivyobanwa kwenye ncha zake, ambavyo mteja yule hakuvitazama hata mara moja.

Kwa wasioingia chini ya gari, amu ni mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwenye chesesi. Hilux ya 4x4 ya kuanzia 2005, na Prado zote kuanzia ile ya 1996, zina amu mbili kwa kila gurudumu la mbele: ya juu na ya chini. Upande wa chesesi amu hufungwa kwa bushi mbili. Upande wa gurudumu hufungwa kwa boljointi, yaani kichwa cha chuma cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe kilichojaa grisi. Gurudumu likidumbukia shimoni, amu hucheza kwenye bushi. Dereva akikata kona, gurudumu hucheza kwenye boljointi. Chuma kilicho katikati kazi yake ni kuvishikilia viungo hivyo mahali pake tu. Ni kama goti la mzee: mfupa bado mzima, gegedu ndilo lililokwisha.

Sasa tazama kazi yenyewe. Barabara ya kutoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, Serengeti, madereva wa watalii wanaijua kwa vile vigongo vidogo vinavyofuatana kama havina mwisho. Wenzao wa Kenya wana hadithi hizohizo za Isiolo hadi Moyale kabla lami haijafika. Vigongo vya aina hiyo kwa kawaida huachana kwa nusu mita hadi mita moja. Piga hesabu: katika kilomita 100, kila gurudumu hupanda na kushuka kati ya mara laki moja na laki mbili. Ukienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni mara 17 hadi 33 kila sekunde. Korongo moja lililofichwa na nyasi linaweza kupinda amu siku hiyohiyo, na utajua. Vigongo havikuambii kitu. Vinapasha mpira moto, vinauchana nyuzi kwa nyuzi kutoka ndani, na siku utakayosikia mlio wa kugonga ukikanyaga breki, bushi imekwisha kufa siku nyingi.

Ongeza vumbi. Uwanda wa nyasi fupi wa Serengeti umejengwa na majivu ya volkano yaliyopeperushwa kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na chembe zake ni kali. Zikipenya ndani ya boljointi iliyochanika kifuniko chake cha mpira, zinachanganyika na grisi na kuwa dawa ya kusagia chuma.

Kwa hiyo swali la kwanza si amu ipi ni ngumu. Swali la kwanza ni kama unahitaji amu mpya kabisa. Wengi wanaonunua amu mbadala, yaani zile za kampuni nyingine badala ya kiwanda kilichotengeneza gari, hununua ya juu, na hununua baada ya kunyanyua gari. Hapo sababu ipo. Ukiweka springi ndefu na mbele ikapanda sentimita tano, amu zote mbili zinalalia chini kwa pembe kali zaidi. Boljointi ya juu inafika karibu na mwisho wa mzunguko wake. Kwenye baadhi ya magari amu ya juu inaanza kugusa springi gurudumu linaponing'inia. Na kasta inapungua. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu huuzungukia, ukilitazama gari kutoka ubavuni. Huo ndio unaoufanya usukani ujirudishe wenyewe baada ya kona. Ikipungua, gari linatangatanga kwenye lami, na dereva anafika Dodoma mabega yanamuuma bila kujua kwa nini. Fundi wa alaimenti anazungusha bolti za kurekebishia mpaka mwisho, na kompyuta yake bado inaonyesha nyekundu.

Amu ya juu iliyotengenezwa vizuri hutatua mambo hayo kwa pamoja: boljointi yake imesogezwa nyuma kidogo ili kurudisha nyuzi chache za kasta, pembe ya kikombe imebadilishwa ili boljointi ifanye kazi katikati ya uwezo wake, na umbo limepinda kuipisha springi. Ukienda dukani, hayo ndiyo ya kuuliza: imetengenezwa kwa gari lililopandishwa kiasi gani, na inarudisha kasta nyuzi ngapi? Muuzaji asiyejua majibu anakuuzia chuma chenye rangi nzuri tu. Na kama gari lako halijanyanyuliwa, mimi sioni sababu ya kuitupa amu ya kiwanda iliyo nzima. Itoe, ipeleke kwenye presi, weka bushi mpya na boljointi mpya za ubora, irudishe. Hela itakayobaki nunua shokapu nzuri, maana shokapu iliyokufa huua bushi haraka kuliko barabara yoyote.

Amu ya chini ina habari tofauti. Kwenye Hilux na Prado hizo, springi na shokapu zimesimama juu yake, tena si kwenye ncha ya gurudumu bali kuelekea katikati. Kwa hiyo nguvu inayopita kwenye springi ni kubwa kuliko uzito ambao gurudumu linaubeba, na nguvu hiyo yote inataka kuipinda amu. Ni hiyohiyo pia inayokutana na mawe na visiki. Ikipinda, usiinyooshe kwa moto. Tafuta nyingine, na hapa sina kinyongo na mtumba: amu ya chini iliyotoka Japani, au iliyopitia Sharjah ambako wafanyabiashara wetu wengi hununua spea zilizotumika, inaweza kuwa chuma bora kuliko mpya ya bei rahisi. Angalia mambo mawili tu: haijapinda, na haijaoza kwa ndani.

Hilo la kuoza watu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar walisome mara mbili. Amu nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa bati nene lililokandamizwa kwa mashine na kuchomelewa likawa na uwazi ndani. Ni kazi nzuri na nyepesi. Lakini tope la chumvi likiingia kupitia matundu ya kutolea maji na kuziba humo, kutu inaanza upande usioonekana. Nje rangi inang'aa. Chukua bisibisi uichokonoe sehemu ya chini kabisa. Ikizama, umeokoa maisha. Baada ya safari za pwani au za kandokando ya maziwa ya magadi, Natron kwa mfano, mwoshaji apitishe maji kwenye matundu hayo pia badala ya kuoshea bodi peke yake.

Upo ugumu mwingine unaowapoteza wanunuzi: amu isiyopinda kabisa. Nguvu ya pigo haipotei kwa sababu umeweka amu nene. Inasogea mbele kutafuta kilicho dhaifu kinachofuata, na kinachofuata ni masikio ya chesesi ambako bolti za amu zimepita. Amu iliyopinda inabadilishwa kwa nusu siku. Sikio la chesesi lililochanika ni kazi ya kung'oa, kupima, kuchomelea na kuomba Mungu vipimo virudi vilivyokuwa. Chuma kizuri cha amu ni kile kinachopinda kabla ya kukatika, kwa sababu kupinda ni taarifa. Ndiyo maana naziogopa amu za kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu zisizo na jina. Hizo hukatika bila kuaga. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo ya kiwandani, au mrija mnene usio na mshono uliochomelewa na mtu anayejua kazi, ni salama zaidi. Aluminiamu iliyofuliwa nayo ni nzuri na nyepesi, ila ikipasuka porini hakuna fundi wa kijijini atakayekushonea.

Kwa amu za mrija, kazi yote iko kwenye mishono. Hapo dukani ipeleke mlangoni kwenye mwanga. Mshono mzuri una mawimbi madogo yanayolingana na unaingia kwenye chuma cha pande zote mbili bila kuacha mfereji ukingoni. Vitundu vidogo ni dalili ya hewa iliyofungiwa ndani. Mfereji ukingoni ndipo ufa utakapoanzia. Mshono uliosagwa kwa grainda mpaka ukawa laini kabisa nao uutilie shaka: huenda kulikuwa na kitu cha kuficha. Rangi nene ya unga, nyekundu au buluu, inapendeza kwenye picha, lakini inaweza kufunika ufa kwa miezi. Nyeusi ya kawaida, iliyopakwa nyembamba, hukuonyesha mstari wa kutu mapema.

Tufike kwenye bushi, ambako ndiko pesa yako inakokwenda. Bushi ya mpira, kinyume na wengi wanavyodhani, haizunguki. Mpira umegandishwa kwa joto kati ya mirija miwili ya chuma, wa ndani na wa nje. Bolti ikikazwa, mrija wa ndani unabanwa usisogee. Amu ikipanda, mpira unajinyonga, amu ikishuka unajinyongoa. Haihitaji grisi, na ukiipaka grisi au oili ya injini unauharibu mpira. Haina kelele, inameza mitetemo ya vigongo, na vumbi halina pa kuingilia. Kwa gari linalofanya kazi kila siku, mimi nasimama na mpira wa ubora.

Bushi za plastiki ngumu, zile za poliyurethani zenye rangi kali, hufanya kazi kwa namna nyingine. Zenyewe huteleza juu ya mrija wake, kwa hiyo zinataka grisi ya silikoni, nayo huisha. Zikikauka na vumbi likaingia, gari linalia kama mlango wa ghala na mrija unaanza kulika. Zina faida zake: hazichaniki upesi, huondoa ulegevu kwenye usukani, na nyingi hugawanyika vipande viwili, hivyo fundi asiye na presi anaweza kuziingiza kwa mkono na nyundo ya mpira. Ukichagua amu zenye bushi hizi, chagua zilizo na niplo za grisi, kisha uwe mtu wa kushika bomba la grisi kweli.

Aina ya tatu ni viungo vya chuma kwa chuma, mviringo ndani ya pete, bila mpira. Vinatamanisha. Vinacheza kwa pembe kubwa kuliko boljointi na havina ulegevu hata kidogo vikiwa vipya. Vimetoka kwenye magari ya mashindano, na huko ndiko kwao. Chukua Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa Aberdare: washindani wana saa kumi kupita vituo 13 kwa umbali mfupi iwezekanavyo, wakikata porini moja kwa moja. Gari la namna hiyo hufunguliwa na kukaguliwa baada ya siku moja ya mateso. Gari la watalii linaloondoka Arusha alfajiri, likalala Seronera, kesho likaamkia tena kwenye vigongo, halina jioni ya kufunguliwa. Kiungo kisicho na kifuniko kitakula vumbi mpaka kianze kugonga, nawe utakuwa umelipa zaidi kupata kilicho kifupi cha umri.

Boljointi haina mjadala mrefu, ina masharti. Iwe na kifuniko cha mpira kinene kilichobanwa kwa pete juu na chini. Iwe inaweza kubadilishwa peke yake. Kuna amu ambazo boljointi imeunganishwa moja kwa moja, ikichoka unatupa amu nzima. Na saizi yake iwe ile inayopatikana Gerezani, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, maana boljointi ya kipekee inayoagizwa Australia itakulaza wiki tatu. Jina la kiwanda lisikuleweshe. Bidhaa yenye sifa, kama 555 ya Japani, ndiyo inayowavutia waigaji. Ishike pini yake uisukume kwa kidole: mpya iliyo nzuri hukaza, haisogei kirahisi wala haina mikwaruzo ya ndani. Inayolegea ikiwa bado na nailoni yake, iache hapohapo.

Na asikudanganye mtu kwamba kiungo ni kitu kidogo. Mwaka 2005 Toyota iliyaita kwa ukaguzi magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo Tacoma na 4Runner, kwa sababu ya boljointi za mbele zilizotoka kiwandani na kasoro. Boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari. Hakuna usukani tena.

Wenye Land Cruiser za 70 wamesoma hadi hapa wakitabasamu, na wana haki. Gari lile lililozinduliwa 1984 lina ekseli nzima mbele na nyuma. Mpaka 1999 zile za kazi hata mbele zilikuwa na springi za bapa. Tangu hapo, zile ndefu za kazi zina springi za koili mbele na amu mbili ndefu zinazoishika ekseli, kila moja na bushi tatu. Defender za zamani na Jimny nazo zina mfumo wa jamii hiyo mbele. Amu za 70 ni nene, na ni nadra kuzipinda. Ukinyanyua gari, kinachohitajika mara nyingi ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni kurekebisha kasta. Amu mpya zinakuwa na maana ukizidi sentimita tano, na kwa kazi nyingi za huku kwetu sijaona wa kuzihitaji.

Sasa jambo linaloua bushi mpya kuliko yote, nalo halitokei barabarani. Kwenye gereji nyingi gari hupandishwa, magurudumu yananing'inia, fundi anafunga amu mpya na kukaza kila nati kwa nguvu zake zote, ndipo analishusha. Kumbuka mpira hauzunguki. Umeukaza amu ikiwa imening'inia. Gari likitua, amu imepanda na mpira umenyongwa. Hata likiwa limeegeshwa nyumbani usiku, mpira uko kwenye mateso. Likiingia shimoni unanyongwa zaidi ya alichokusudia aliyeutengeneza. Baada ya miezi michache unachanika, na lawama anapewa muuzaji.

Njia sahihi haina gharama. Kabla ya kufungua chochote, gari likiwa chini kwenye sakafu iliyo sawa, pima kwa tepu kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Andika. Funga amu mpya, nati za bushi zishike tu, zisikazwe. Shusha gari, litikise, kisha kaza kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu. Kama gari likiwa chini hapafikiki, weka jeki chini ya amu ya chini na uipandishe hadi kipimo kilekile kirudi, ndipo ukaze. Nati ya boljointi haina sharti hilo. Yenyewe ikazwe na pini ya kuifungia iwekwe. Mwambie fundi wako kwa heshima zote, "Fundi, naomba tukaze likiwa chini." Akicheka, simama hapohapo mpaka amalize.

Bolti za amu ya chini kwenye Hilux na Prado ndizo pia za kurekebishia alaimenti, kwa hiyo tia alama ya rangi zilipokuwa kabla ya kuzitoa. Pwani huwa zimegandana na mrija wa bushi kwa kutu. Grainda tu ndiyo itakayozitoa, basi nunua bolti mpya mapema kabla gari halijafunguliwa. Mpya zipakwe grisi ya kuzuia kutu sehemu inayopita ndani ya mrija, mbali na mpira.

Alaimenti ifanyike siku hiyohiyo. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, lala chini ya gari na tochi. Kila nati iliyokazwa ulipaswa kuichora mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari uliokatika ni nati iliyosogea. Kisha jeki iwekwe chini ya amu ya chini, si chini ya chesesi, ili mzigo wa springi utoke kwenye boljointi. Shika tairi juu na chini ulitikise, mwenzako akiwa ameweka kidole kwenye kiungo. Ukiweka jeki chini ya chesesi, springi inaisukuma amu chini na boljointi mbovu inaonekana nzima. Wengi wameambiwa gari lao halina tatizo kwa sababu ya jeki iliyokaa mahali pasipo pake.

Zile amu za kiwanda ulizozitoa usimwachie mnunuzi wa vyuma chakavu. Zipigie presi bushi mpya, weka boljointi mpya, zifunge kwenye gunia na uzipakie nyuma ukielekea Ngaresero au Loiyangalani, pamoja na bolti zake na pini zake. Amu ya juu inabadilishwa kandokando ya barabara kwa jeki, spana za kawaida na nyundo ya kugongea boljointi itoke, na mtu asiye na haraka anaimaliza kabla chai ya pili haijachemka.